Mizinga Mitatu Nyuma ya Kanisa

Kamene alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia kwamba baba yake, Mzee Mutiso, amefariki. Nilimpa pole, kisha akaniomba jambo. Familia ilikuwa inatengeneza kijitabu cha mazishi na ilitaka niandike maneno machache kuhusu baba na nyuki. "Wewe ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, Mwende," alisema. "Alikuwa akikutaja mpaka mwisho." Sikumwuliza alikuwa akinitajaje. Jioni ile niliandika sentensi nne: kwamba alikuwa mtu mvumilivu, kwamba aliwapenda nyuki, kwamba alinifundisha kutoogopa, na kwamba Mungu ampumzishe. Zote nne ni kweli. Lakini baada ya kuzituma sikulala vizuri siku kadhaa, ndiyo maana nimeamua kuandika na yale mengine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na nilikuwa nikiishi Kaloleni, Nairobi, na Anti Ndinda, dada mdogo wa mama yangu, pamoja na watoto wake wawili. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kizuri kwa kweli, chenye ukuta mnene na vigae vyekundu juu, na Anti alikuwa amekigawa kwa pazia zito la maua ya kahawia alilolipata sokoni Gikomba. Upande wa dirisha kulikuwa na meza, viti vitatu na jiko la mafuta ya taa. Upande wa pili vitanda viwili na masanduku yetu. Ukikaa kitandani ungesikia kila kitu mezani, hata kijiko kikikoroga chai. Nyumba yenyewe ilikuwa ya baraza la jiji, na jina lililoandikwa huko ofisini lilikuwa la Mzee Mutiso. Alikuwa amestaafu udereva, akahamia Shauri Moyo kwa binti yake, na chumba akatuachia sisi kwa kuwa Anti alikuwa mwenzake kanisani na walitoka upande mmoja wa Ukambani. Hakuwahi kutusumbua kuhusu chumba kile. Hakuwa na haja, maana sote watatu tulijua ni cha nani.

Nyuki walianza kwa mazoezi ya kwaya. Kila tulipofika kwenye wimbo wa pole pole tulisikia mvumo juu ya dari ya ukumbi, na Jumamosi moja tone la asali likamwangukia mama wa sauti ya kwanza kwenye kitambaa cha kichwa. Kamati ya kanisa ilitaka watu waje wapulize dawa. Mzee Mutiso, aliyekuwa mzee wa kanisa, akaomba wampe siku moja tu. Aliuliza nani atamshikia bomba la moshi. Wanaume wa kwaya wakaanza kukagua vitabu vya nyimbo. Mimi niliinua mkono, na sababu haikuwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani.

Nilidhani tutapanda mara moja. Badala yake alinikalisha juu ya ngazi, chini ya kile kifuniko cha dari, akaniambia nisikilize. Nilikaa hapo karibu nusu saa, shingo ikiuma. "Unasikia nini?" akauliza. Nikamwambia kelele. "Sikiliza tena." Nikasikiliza tena, na mwishowe nikamwambia kwamba ni kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili bila kugombana. Akacheka kwa furaha ya kweli. "Hao wameshiba. Siku utakayosikia sauti hiyo ikipanda, ikikaza kama kamba ya gitaa, funga mzinga urudi nyumbani, hata kama aliyekutuma ni askofu." Bomba lake la moshi lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililounganishwa na kiriba cha ngozi cha kupulizia hewa, na ndani alitia mavi ya ng'ombe makavu, magunzi na vipande vya gunia. Alinifundisha kupima moshi kwa nyuma ya mkono: ukikuchoma wewe, utawachoma na wao, na nyuki aliyechomwa hasamehi. Kisha tukapanda. Alikata masega moja moja, akanipa niyafunge kwa uzi wa katani kwenye fito za sanduku la mbao, na alipompata malkia alinionyesha, mrefu, mwendo wake wa taratibu, wengine wakimpisha. Alimwingiza ndani ya sanduku, tukashuka na kungoja. Nyuki walianza kumfuata, mstari mzima, wakitembea kwa miguu kuingia nyumba mpya kama waumini wanaochelewa ibada. Niliumwa mara saba siku hiyo. Mzee alinionyesha jinsi ya kuukwangua mwiba kwa ukucha badala ya kuubana, maana ukiubana unajisukumia sumu mwenyewe. Nilirudi nyumbani na jicho moja limefunga, na Anti akapiga yowe, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nimalize shule.

Kufikia mwisho wa mvua tulikuwa na mizinga mitatu nyuma ya kanisa, chini ya mikalitusi, upande unaotazama reli. Miwili ya mbao aliitengeneza Njoroge, seremala wa Gikomba, kwa mbao za makreti. Kila nilipopita kwake alinipigia kelele mbele ya watu, "Niaje, madam wa nyuki! Leo umeumwa wapi?" Wa tatu ulikuwa wa gogo, mwatu wa kikwetu, ambao Mzee aliuleta kutoka nyumbani kwa sababu alisema hawezi kufuga nyuki bila kuwa na mmoja wa babu zake. Tuliitundika kwa waya tulizopaka grisi ili siafu wasipande. Nilishona kofia yenye wavu kutoka kwa pazia jeupe la mtumba, na tukapata ovaroli moja nyeupe tuliyovaa kwa zamu, maana mimi na Mzee tulikuwa karibu kimo kimoja.

Alikuwa mwalimu mzuri, na nalisema hili kwa uchungu. Hakunipigia kelele hata mara moja. Alinifundisha kusimama ubavuni mwa mzinga na si mbele ya mlango wao, kutopumua juu yao, kutojipaka mafuta yenye manukato, kuinua fito ya kwanza polepole kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Alinifundisha kutofautisha sega la asali na sega la majana, yaani watoto wa nyuki, na kutogusa asali ambayo bado hawajaifunika kwa nta. "Na usimalize," alikuwa akisema. "Wao ndio waliofanya kazi." Lakini neno alilorudia kuliko yote lilikuwa kwamba mzinga haufunguliwi saa sita mchana, jua likiwa kali na watu wakipita. Unafunguliwa jioni, kabla giza halijaingia, wakati wafanyakazi wamerudi na njia imetulia. Nililiandika katika daftari langu na kulipigia mstari. Saa nane za mchana tulikula pamoja chini ya ile mikalitusi, yeye na kopo lake la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mimi na chochote alichonifungia Anti, na mara nyingi Mama Karanja aliyekuwa akikaanga mandazi kwenye lango la kanisa alituletea mawili mawili ndani ya gazeti. Alikuwa mama wa watu, mwenye mzaha. "Hao nyuki wenu wakija kwangu kutafuta sukari," alisema, "nitawapa na chai."

Halafu ikaja habari ya kozi. Shirika moja lililokuwa likisaidia vikundi vya makanisa lilisikia habari zetu, likasema litatuma wageni kuangalia, na wakiridhika watamlipia mtu mmoja masomo ya miezi mitatu ya ufugaji nyuki, nje ya Nairobi, na cheti. Mzee alinitazama. "Mimi umri wa vyeti umenipita," akasema. "Ni wewe." Nilikwenda nyumbani nikamwambia Anti, naye akapika wali na nyama siku ya katikati ya wiki. Tuliimba tukiosha vyombo. Nimeishi mengi mazuri tangu wakati huo, lakini sijui kama nimewahi kungojea kitu kwa moyo mweupe kama nilivyoingojea Jumamosi ile.

Wageni walikuwa waje saa nane. Asubuhi Anti alisema siwezi kupokea wageni nikiwa na sketi yangu ya shule, tukaenda pamoja Gikomba kutafuta nguo. Tulizunguka tangu saa nne. Saa sita tulikuwa tumeinama pamoja juu ya rundo la blauzi, mimi na yeye, yeye akinipimia mabegani na kusema, "Hii inakufanya uonekane mwalimu." Nakumbuka saa kwa sababu kengele ya shule jirani ililia na muuzaji akasema leo Jumamosi, ni nani huyo anapiga kengele. Tulirudi Kaloleni saa saba na nusu, blauzi ikiwa mfukoni, tukakuta watu wamejaa barabarani mbali na kanisa, wengine wamejifunika mashuka. Mbuzi wa mchungaji alikuwa amekufa pale alipofungwa. Mama Karanja alikuwa amepelekwa hospitali. Nyuki walimvamia langoni, akakimbia, akaliangusha karai la mafuta ya moto, na mafuta yakamwagika mguuni. Wageni walifika, wakaona, wakageuza gari. Mzee Mutiso alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, mikono imevimba kama mikate, ovaroli nyeupe pembeni yake. Nilipomkaribia aliinua macho, kisha akayashusha. Nilidhani ni maumivu.

Jumatatu, kama saa kumi jioni, nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia, nikiwa na homa ya mawazo. Watoto walikuwa shuleni. Nilisikia hodi, nikasikia sauti ya Mzee, kiti kikivutwa, Anti akimimina chai. Nikataka kutoka nimwamkie. Kabla sijainuka nikamsikia akisema kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, "Ndinda, ni mimi niliyefungua."

Alimweleza yote. Alitaka wageni wakute sega jipya kwenye sahani, jeupe, linalotiririka. Alijua si saa yake. Alifikiri atachukua moja haraka. Fito ilikatika, sega likaanguka, na sauti ikapanda. "Niliisikia ikipanda," akasema, "na bado nikaendelea." Alikuwa amevaa kofia yangu. Mama Karanja aliona mtu mwenye wavu usoni, hakujua nani. Kisha akasema kamati inakutana kesho, na kwamba wakijua ni yeye ataondolewa katika uzee wa kanisa, na yule mama ana ndugu wakali, na uzee huu ataupeleka wapi. Lakini mwanafunzi akikosea, watu wanasamehe. "Mwende ni mtoto. Itasahaulika."

"Nilikuwa naye Gikomba," Anti akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nilisikia jiko likivuma. Kisha Mzee akasema, bila ukali wowote, karibu kwa huruma, "Chumba hiki nimekuachia miaka mingapi, Ndinda? Nimewahi kukuambia neno?" Nilisikia Anti akikoroga chai. Baada ya muda alisema, "Kunywa chai, Mzee, inapoa." Basi. Nililala pale nikitazama maua ya kahawia ya pazia kwa upande wake wa nyuma, mahali rangi inapofifia, na nikajiambia kwamba hajakubali. Mtu akisema kunywa chai hajakubali. Usiku huo tulikula sukuma na ugali, na Anti aliniwekea kipande kikubwa zaidi.

Kamati ilikaa ukumbini, chini ya ile dari. Mzee alisimama, akavua kofia. Alisema hana neno baya juu yangu, kwamba mimi ni msichana mwenye bidii, na bidii ndiyo iliyonipotosha, nikafungua mzinga saa isiyofaa ili niwafurahishe wageni. Alisema mikono yake iliumia akijaribu kufunga nilichokiacha wazi. Alisema yeye kama mwalimu anaomba msamaha kwa niaba yangu. Kina mama waliguna kwa kumhurumia. Mwenyekiti akamgeukia Anti. "Mama, Jumamosi saa sita huyu binti alikuwa wapi?"

Anti Ndinda alikuwa na leso mikononi. Aliikunja mara mbili. "Aliniambia anakwenda kuangalia mizinga," akasema.

Nimesoma na kusikia watu wakieleza walivyohisi katika nyakati kama hizo, kwamba dunia ilizunguka. Yangu haikuzunguka. Niliona kila kitu vizuri sana: misumari ya benchi, vidole vya Anti, doa la asali lililobaki sakafuni tangu siku ile ya kukata masega. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nilimtazama Mzee, nikamtazama Anti, nikawafikiria wale watoto wawili na vitanda vyetu, masanduku yetu yakitolewa nje mlangoni. Nikasema, "Nisameheni." Mzee akafumba macho kama mtu anayeshukuru kwa sala.

Wiki iliyofuata mizinga ilichomwa. Kamati iliamua, na aliyejua namna ya kuichoma alikuwa yeye mwenyewe. Jioni, nyuki wakiwa wamerudi ndani, aliziba milango yao kwa matambara, akamwaga mafuta ya taa, hata juu ya mwatu wa babu zake. Sikupaswa kuwapo, lakini nilisimama nje ya ua. Kwa kitambo kidogo nta ikiyeyuka ilinukia vizuri sana, kama mishumaa ya Krismasi, na mvumo ulipanda ukakaza, kisha ukakoma. Watu walipiga makofi. Mzee hakupiga. Alisimama amewapa mgongo mpaka moto ukaisha, na wapo walioniambia alilia. Sijui. Kozi ilikwenda kwa kikundi kingine.

Hospitalini nilikwenda mara moja. Nilimpelekea Mama Karanja uji wa wimbi kwenye chupa. Mguu wake ulikuwa umefungwa hadi gotini. Alinitazama muda mrefu, bila mzaha wowote. "Nilikuwa nakupa mandazi zangu," akasema. Nilifungua mdomo. Kama ningesema kwa mtu yeyote, ningesema kwake. "Rudi na uji wako, mwanangu," akasema, na akageukia ukuta. Nasikia baadaye alirudi kwao na hakukaanga tena. Ukweli hakuusikia kutoka kwangu, na jambo hili siwezi kumbebesha Mzee wala Anti. Ni langu.

Mwaka ulikuwa ukiisha nilipokutana naye tena uso kwa uso, kwa Njoroge, Gikomba. Nilikuwa nimepata kibarua cha kushona karibu na pale. Mzee alikuwa akikagua masanduku mawili mapya ya mbao. Njoroge alipotuona pamoja, akakumbuka shughuli nyingine akatoka. Mzee alinisalimia kwa uchangamfu, kana kwamba tuliachana jana. Alisema amepata shamba la rafiki yake huko Machakos, lina migunga mizuri, na macho yake si kama zamani, anahitaji mtu wa kumtafutia malkia. "Njoo tuanze upya," akasema.

Nilimwuliza kwa nini alisema ni mimi. Hakushangaa. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa sanduku, akiangalia kama mbao zimebanana. "Wewe una siku nyingi mbele," akasema. "Mimi uso wangu ningeupeleka wapi?"

"Na mimi wangu?"

Alifikiri. Naamini kweli alifikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri. "Wewe ulinyamaza," akasema. "Nikajua umenisamehe." Nilimwambia sikusamehe, niliogopa. Nikaondoka nikarudi kwenye cherehani yangu, na huo ndio mwisho wa maneno yangu na Mzee Mutiso. Sijafuga nyuki tena. Mara moja moja nikipita kwenye jakaranda lililochanua nasikia mvumo, nasimama nisikilize kama wameshiba.

Anti Ndinda anaishi nami sasa, Athi River, miaka sita tangu magoti yake yaharibike. Watoto wake wako mbali. Ni mimi ninayempikia na kumsindikiza kliniki, na kwa miaka hii yote hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja. Nilikuwa nimejitengenezea njia ya kuishi nalo. Nilijiambia kwamba Anti hakujua kama nilisikia. Kwamba kama angejua niko nyuma ya pazia siku ile, asingethubutu. Alifikiri ananidanganya, na mtu anayekudanganya bado anakuonea haya. Hivyo ndivyo nilivyoweza kumwita mama mbele ya watu.

Jumapili iliyopita, tukila chakula cha mchana, nilimwambia Mzee amezikwa. Akasema Mungu amrehemu. Nikaweka kijiko chini. "Anti, siku ile alipokuja nyumbani kunywa chai, nilikuwa kitandani. Nilisikia yote."

Aliendelea kutafuna polepole, akameza. "Najua," akasema. "Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

Nikaisukuma sahani yangu pembeni.

"Nilikuwa nangoja utoke," akaendelea, bila kunitazama. "Ungetoka, ningemwambia hapana. Na kesho yake kwa kamati, walipokuuliza, nilingoja tena. Hukusema."

"Nilikuwa na miaka ishirini," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka ya mtu mwingine. "Wewe ulikuwa na arobaini, Anti. Ulikuwa unangoja mimi?"

Leso haikuwa karibu, akakunja ukingo wa kitambaa cha meza. Alikunja, akakunjua. Kisha akainua uso, na nikaona hofu ambayo sikuiona siku ile kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa pazia. Macho yake yalizunguka kwenye kuta za sebule yangu, kwenye dirisha, kwenye mlango wa chumba chake.

"Sasa utaniambia niende wapi?" akauliza.

Nilitaka kumwacha akae na swali lile walau mpaka jioni. Niliona ninavyotaka, na nikaona aibu, na bado nikanyamaza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kula, Anti," nikasema mwishowe. "Chakula kinapoa."